Kutu Nyeusi ya Tata Ramazani

Ninyi mnaokunywa chai nami pale kwenye kona mmeniuliza mara nyingi kwa nini kila asubuhi, kabla sijavuka barabara kununua maandazi kwa Mama Georgine, ninasimama upande wa huku, natia mkono mfukoni, natoa kidole kupitia tundu la koti na kukitikisa. Wengine mmesema ni ishara ya kanisa jipya. Mmoja wenu amesema nimerogwa Luena. Nimeamua kuandika, maana nikisimulia kwa mdomo mnacheka kabla sijafika Fungurume, na mambo yenyewe yanaanzia Fungurume.

Habari za vibali na karatasi nimeziacha. Tata Ramazani alizimaliza yeye, nami sikuzielewa.

Kolwezi, kabla ya kuondoka

Mnanijua. Shule niliiacha mapema, nayo haikunililia. Tangu hapo nimeuza samaki wakavu Bukama, nimesukuma baiskeli za mkaa, nimelinda ghala ambalo ndani yake hamkuwa na kitu, na kila nilipofika nimeuliza maswali mpaka watu wakachoka nami. Ndivyo nilivyoingia karakana ya Tata Ramazani. Nilikuja kuuliza kwa nini moto wake ni wa buluu, nikabaki.

Tata Ramazani ni mzee wa ukoo uliotoka Maniema, watu wa biashara na malori, swala tano. Anayeyusha shaba chakavu na kumimina vipuri vya malori: bushi, pete, vichwa vya pampu. Moto wake hautokani na kuni. Ana jiko refu la chuma ambamo makaa ya mawe ya Luena yanapikwa kwa hewa ya kunyimwa, kidogo sana, mpaka yatoe gesi. Gesi hiyo, ikiwa bado na joto lake lote, inapita bombani kwenda kuwaka kwenye tanuri la shaba. Kazi nzuri, ila makaa yale yana salfa. Salfa ikiingia kwenye gesi inanuka kama yai lililosahauliwa chini ya kuku, na ikiifikia shaba inaacha vitundu ndani ya kipuri. Ukikigonga kinalia kama mkebe.

Gesi inaweza kuoshwa kwa maji, lakini maji yanaipoza, na gesi iliyopoa inaleta moto mvivu. Tata alitaka kuitoa salfa bila kuipoza gesi. Ni kama kutaka kutoa nywele kwenye mchuzi bila kuepua sufuria. Njia yake ni kutu. Anasaga kutu ya chuma, anaichanganya na udongo wa mfinyanzi, anaviringisha vidonge kama karanga, anavichoma, kisha anavijaza kwenye tangi ambamo gesi lazima ipite. Kutu inaikamata salfa, gesi inatoka safi, na vidonge vilivyoingia vyekundu vinageuka vyeusi. Vikishiba havikamati tena. Lakini havitupwi! Ukivipasha moto na kuvipulizia hewa kidogo, salfa inavitoka, wekundu unarudi, na vinaanza kazi upya kama mtu aliyetoka likizo.

Swali ni moja: salfa inayotoka inakwenda wapi? Mara ya kwanza Tata alivifufua vidonge papo hapo karakanani, na moshi ukaangukia kwa Mama Georgine, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mume wa Mama Georgine ana kifua kilichokwisha kuliwa na vumbi la mgodi. Siku ile walimtoa nyumbani wakiwa wamembeba. Mama Georgine alikuja na bangili yake ya shaba, ambayo alikuwa akiing'arisha kwa ndimu kila Jumamosi. Ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria.

"Tata Ramazani," alisema, "kama moshi yako inafanya hivi ku shaba, ku mapafu ya bwana yangu inafanya nini?"

Tata hakubisha. Aliita mtaa mzima, akaweka nyundo yake kubwa juu ya ukuta, akasema mbele ya watu: "Kama hii harufu inarudia tena, hata siku moja, mi mwenyewe nitabomoa tanuri na hii nyundo." Wanaomjua wanajua hasemi maneno kama hayo kupamba mkutano.

Tangu hapo vidonge vyeusi hufungwa ndani ya mapipa na kupelekwa Luena kwa Amisi, mpwa wake, ambaye ana tanuri lake nje ya mji, mbali na nyumba za watu, na bwawa la maji ya chokaa linalomeza moshi. Lori hadi Tenke, treni hadi Luena. Aliyezoea kuyasindikiza mapipa aliugua malaria. Tanuri la Tata lilikuwa limelala baridi, wafanyakazi wamekaa barazani wakichora mchanga kwa vijiti. Nikainua mkono kabla sijaulizwa.

Tata alinionyesha mapipa sita.

"Ilunga, sina vidonge vingine. Ni hivi tu. Visipate maji. Visipate hewa. We kaa tu juu ya mapipa."

"Kwa nini visipate hewa, Tata?"

"Kwa sababu mi nasema."

Mtu kama mimi hapaswi kupewa amri bila sababu yake. Ni kama kumpa mbwa mfupa wa kushika.

Kolwezi hadi Mutoshi

Lori lilikuwa la Kabwe, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye huendesha huku akila miwa na kutemea dirishani. Nilikaa juu ya mapipa kama nilivyoagizwa, nikifikiri kwamba napendeza.

Hatukufika mbali. Karibu na Mutoshi kuna kizuizi, na pale mlinzi aliyagonga mapipa kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Alitikisa moja, akasikia vidonge vikichezacheza ndani.

"Iko nini?"

"Kutu," nikasema.

Alimwita mwenzake. "Kuya usikie! Eti anabeba kutu! Kutu inatoka Kolwezi inaenda kutembea!"

Nilieleza. Nilieleza gesi, nikaeleza salfa, nikaeleza nywele kwenye mchuzi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoona kwamba nimebeba kobalti. Kobalti yetu ni jiwe jeusi, na kila anayepita na jiwe jeusi husema si kobalti. Kabwe alinikanyaga mguu ninyamaze. Mwishowe mlinzi alifungua pipa, akaokota kidonge kimoja, akakinusa, akakirudisha haraka huku akikunja uso.

"Pita. Pita na maiti yako."

Kabwe alikata muwa mwingine. "We, Ilunga, ungesema tu mavi ya mbuzi. Bangeamini."

Fungurume

Tenke iko pembeni ya barabara kuu, na mtu mwenye haraka angekata kona kuelekea huko moja kwa moja. Kabwe aliipita kona. Alikuwa na magunia ya vitunguu ya kushusha Fungurume, alisema, na ingekuwa dakika tu. Fungurume, jani la springi likavunjika mbele ya soko. Fundi alikuja, akalala chini ya lori, na kwa muda mrefu tukawa tunaona miguu yake tu.

Ili lori liinuke kwa jeki, ilibidi mapipa yashushwe. Yakapangwa kando ya kijito, jirani na akina mama wanaoosha mawe ya wachimbaji. Mkubwa wao aliitwa Mama Bea, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cha njano kichwani, na mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni kwa udongo.

"Tata," aliniambia, maana kule kila mwanamume huitwa hivyo kwa heshima, "uko na mapipa mazuri. Ni mawe gani?"

"Si mawe, Mama. Ni kutu."

"Ah, kutu," alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa kwamba leo rangi imerudi usoni.

Sasa, nilikuwa sijala tangu Kolwezi, na upande wa pili wa soko palikuwa na bukari, ugali wetu, inayofuka na samaki wa Lualaba kwenye mchuzi wa nyanya. Nilimwomba Mama Bea aniangalizie mapipa. Alikubali kwa moyo wote. Nikaenda. Niliongeza bukari. Nilikaa nikimuuliza mpishi kwa nini samaki wake wana mifupa mingi hivyo upande mmoja. Kwa hiyo laumuni tumbo langu, halafu udadisi wangu, halafu mimi.

Niliporudi, mapipa mawili yalikuwa wazi. Akina mama walikuwa wamekaa ndani ya kijito wakiwa na beseni na chekecheke, wanaimba, na vidonge vya Tata Ramazani vilikuwa vimeanikwa juu ya turubai, vimelowa, vinang'aa.

"Mama Bea! Hiyo ni nini?"

"Karibu, tata!" Alisimama na kujipangusa mikono kwa furaha. "Usiseme asante. Hapa kwetu mugeni hapitake na mawe machafu. Ukifika na bulongo, munegosia anakata bei, anakucheka. Tulikuoshea. Maji ilikuwa nyeusi, nyeusi kabisa!"

Hapo niwafafanulie wale ambao hawajaishi na wachimbaji. Kule hakuna anayepeleka jiwe sokoni bila kuliosha, kama vile hakuna anayepeleka mtoto kanisani na makamasi. Kumwoshea mgeni mawe yake ni heshima, ni kumwambia kwamba hukutaka aibishwe mbele ya mnunuzi. Na mimi, kwa kukana, nilikuwa nimethibitisha kwamba ni kobalti.

"Mama, nilikuambia haiko mawe!"

"Haiko, haiko." Alikonyeza wenzake. "Na mi niko bibi ya gavana."

Walicheka wote, nami nikaanza kucheka pia, maana sikujua la kufanya, na tulikuwa tungali tunacheka turubai lilipoanza kutoa moshi.

Mwanzo ulikuwa uzi mwembamba, kama wa sigara. Kisha nyuzi mbili. Kisha rundo zima likapumua, na harufu ikatupiga usoni, kwanza yai bovu, halafu kitu kikali zaidi kinachouma koo na kutoa machozi. Wanawake waliruka kutoka kijitoni. Katikati ya rundo palikuwa panageuka pekundu, na turubai lilikuwa linajikunja kama jani.

"Mawe inajipika!" alipiga kelele mmoja. "Nani aliwasha?"

Hakuna aliyewasha. Jua lilikuwa limekausha tabaka la juu, hewa ikaingia, na kutu nyeusi ile ikaanza kuitoa salfa yake bila kuombwa. Nilielewa hapo hapo kwa nini Tata alisema visipate hewa. Ni sababu nzuri sana. Angeniambia.

Soko lilihama. Wauza nyanya walikimbia na meza zao kichwani. Fundi alitoka chini ya lori kwa mara ya kwanza tangu tufike, na sura yake haikuwa kama nilivyoidhania. Mama Bea peke yake alirudi, kitambaa cha njano kimefunga pua, akachukua koleo na kuanza kulifukia rundo kwa udongo wa kijito. Nikachukua koleo lingine. Tulifukia huku tukikohoa na kutukanana kwa adabu.

"We, tata, kwa nini hukusema?"

"Nilisema!"

"Ulisema kama mutu wa kobalti!"

Moshi ulipotulia tulichimbua. Vidonge vya mapipa mawili vilikuwa vimegeuka vyekundu, nami, mjinga, moyo wangu ukafurahi. Nilifikiri kwamba akina mama wa Fungurume wamenifanyia kazi ya Amisi bure. Nikavirudisha kwenye mapipa.

Mama Bea alikuwa na aibu, nami nilikuwa nayo zaidi, kwa hiyo tulishindana kuombana radhi. Mwishowe alinipa kipande kikubwa cha sabuni ya mawese.

"Jioshe vizuri, tata. Na hiyo koti. Hiyo koti, tata."

Springi ilipofungwa, Kabwe aligeuza lori, tukarudi hadi Tenke. Pale alizima injini, akatema ganda la muwa.

"Ulipewa kazi moja tu. Kukaa."

Tenke hadi Luena

Treni ilisemekana inakuja. Wanaojua treni ile wanajua kwamba hayo ndiyo mazungumzo yake ya kawaida. Tulilala stesheni, tukaamka stesheni, na watu wakaanza kuoana na kugombana kama wanakijiji. Mwanamke mmoja aliyekuwa akienda Bukama aliuza viwavi wa kukaanga, na harufu yake ilikuwa tamu kuliko ahadi zote za wakuu wa stesheni. Sikuwa na kitu cha kutoa. Nilikuwa na sabuni.

Mkumbuke sabuni hiyo. Niliibadilisha na kikombe cha viwavi, nikala wote, nikalamba vidole.

Treni ilipokuja niliingia kwenye behewa la mizigo pamoja na mapipa yangu na abiria kama ishirini. Nikashangazwa na adabu ya watu wa reli. Nilipokaa, wote walisogea. Nilipojinyoosha, walisogea tena. Baba mmoja alimhamisha mkewe hadi mlangoni kunipisha. Nilifikiri ni kwa sababu nasindikiza mapipa, nina sura ya mtu wa kazi. Nilijinyoosha mpaka Luena kama chifu.

Luena

Amisi alikuwa ananingoja na mkokoteni. Ni mtu wa makamo, mwembamba, mpole, na nyusi zake zimeungua. Alifungua pipa la kwanza kati ya yale mawili ya Fungurume, akaona wekundu, akanitazama.

"Nani alifufua hii?"

"Akina mama wa Fungurume," nikasema kwa fahari kidogo. "Kwa maji."

Alichukua vidonge viwili akavigonganisha. Vililia kama vioo. Akachukua nyundo ndogo akakipasua kimoja, akanionyesha ndani: kimebanana, kinang'aa, hakina hata kitundu cha kupitisha sindano.

"Imeungua. Ilipata hewa mingi mara moja, ikapata moto mingi. Inaonekana nyekundu, lakini gesi haiwezi kuingia ndani yake. Hii sasa ni tofali." Hakukasirika. Alikuwa kama daktari anayeonyesha picha ya mapafu. "Kutu inataka hewa vile mugonjwa anataka bukari. Kidogo. Ukimujaza, unamuua."

Nilikaa chini juu ya mkokoteni. Mapipa mawili kati ya sita. Tata alisema hana mengine. Nilifikiria nyundo juu ya ukuta, na wafanyakazi wanaochora mchanga.

"Vilivyobaki vitatosha?" nikauliza.

"Kama bafanya kazi pole pole, na wasiwashe kila siku, labda. Mi sijue. Harufu ndiyo itasema."

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Amisi alimimina vidonge vyeusi kwenye silinda lake, akalipasha moto, akaruhusu hewa kupitia bomba jembamba, tena hewa iliyochanganywa na mvuke wa maji ili isiwe na nguvu. Mimi nilipewa kazi ya kusukuma kipulizio. Nikisukuma haraka alinipiga kiganjani kwa mwiko. Moshi uliotoka uliingia bwawa la chokaa na kutokea upande wa pili bila harufu, na tope jeupe likajikusanya chini kama unga wa muhogo. Niliuliza maswali mengi mpaka Amisi akanipa kazi ya kukaa upande wa mbali wa bwawa na kunusa. Nilinusa kwa bidii. Baadaye niligundua kwamba pale mbali hakukuwa na la kunusa, ila sauti yangu haikumfikia.

Tulipofika pipa la mwisho, nilifikiria ninyi, marafiki zangu. Nikirudi na vidonge vyekundu tu, mtasema natunga. Nikachota konzi ya vidonge vyeusi, nikaifunga kwa karatasi ya sukari, nikaitia mfuko wa koti.

"Hata moja isibaki nyeusi," alisema Amisi, akiwa amenipa mgongo.

"Hata moja," nikaitikia.

Luena hadi Kolwezi

Mvua ilitukuta kwenye behewa lisilo na paa zima. Mapipa yalikuwa yamefungwa kwa lami, nami niliyakalia safari hii kama kuku. Nililowa. Koti likalowa. Abiria walinipisha tena, zaidi ya mwanzo. Mchungaji mmoja aliomba kwa sauti roho chafu zitoke ndani ya behewa, na kila mtu akasema amina akinitazama. Nikasema amina kwa nguvu kuliko wote.

Kabwe alitupokea Tenke. Alivuta pumzi mara moja, akaniambia nisafiri nyuma.

"Kwa sababu ya mapipa?"

"Ndiyo," alisema. "Kwa sababu ya mapipa."

Karakanani

Tata Ramazani alisikiliza habari za Fungurume hadi mwisho, bila kunikatiza, akiyaangalia yale mapipa mawili ya vidonge vilivyogeuka vioo. Kisha alisema, "Tutajaribu na vilivyobaki. Mbele ya watu."

Hiyo ndiyo sehemu iliyoniuma. Angeweza kujaribu usiku, kimya kimya. Aliita mtaa. Mama Georgine alikuja amefunga khanga kiunoni, mume wake amekaa kitini chini ya kivuli akiwa na kitambaa mdomoni. Nyundo ilikuwa palepale juu ya ukuta, imefutwa vumbi.

Tangi lilijazwa. Makaa yakawashwa, gesi ikaanza kupita, na moto wa tanuri ukatoka buluu safi. Mama Georgine alivua bangili yake iliyong'arishwa kwa ndimu, akaifunga kwa waya kwenye mdomo wa bomba dogo la kujaribia gesi. Tukangoja. Mimi nilisimama nyuma yake, karibu na tanuri, nimevaa koti langu, kwa sababu nilitaka kuona vizuri.

Baada ya muda Mama Georgine aliinua pua.

"Inanuka."

Wengine nao wakanusa. Ilikuwa kweli. Yai bovu, halafu ule ukali wa kooni. Mume wake alikohoa mara moja, na kikohozi kile kilisikika hadi barabarani.

Tata Ramazani alifunga macho. Kisha akaufikia ukuta, akaichukua nyundo.

"Tata, subiri!" Nikamkimbilia Mama Georgine. "Mama, tafadhali, vidonge ni vichache, kosa ni langu, mwache ajaribu tena kesho..."

Mama Georgine alirudi nyuma hatua nzima, mkono puani. Kisha akatazama bangili. Ilikuwa inang'aa kama siku ya harusi.

"Tata Ramazani, ngoja na hiyo nyundo." Alikunja uso. "Bangili iko safi, na pua inalia. Hiyo ni nini?" Akanigeukia. "Ilunga. Enda kule."

Nikaenda hadi kwenye lango.

Alinusa. "Kuya."

Nikaja.

"Enda tena. Mbali."

Nilikwenda na kurudi mara kadhaa, kama ndoo ya kisima, mtaa mzima ukinitazama, na kila nilipokwenda aliitikia kwa kichwa, na kila nilipokuja alifunga pua. Safari ya mwisho nilisimama karibu na joto la tanuri, na mfuko wa koti langu ukatoa uzi mwembamba wa moshi.

"Mungu yangu!" alisema Mama Georgine. "Anaungua!"

Kabla sijaelewa, wafanyakazi wawili walinivua koti na kulitupa barabarani. Karatasi ya sukari iliwaka, vidonge vikatawanyika, vyeusi, vinafuka, halafu kimoja kimoja vikaanza kuwa vyekundu. Mfuko ukapasuka tundu la kupitisha kidole.

Gesi ilikuwa inapita, moto wa buluu ukinguruma. Mama Georgine alisogea hadi mdomoni mwa bomba, akanusa, akanusa tena, akamwita mumewe. Mzee yule alisimama na fimbo yake, akaja pole pole, akavuta hewa kwa kifua chake kibovu. Tulimngoja akohoe. Hakukohoa.

"Tata Ramazani," alisema Mama Georgine, "weka nyundo chini. Haiko tanuri. Ni huyu."

Tanuri linafanya kazi siku chache tu za juma, mpaka Tata aviringishe vidonge vipya, nami ndiye ninayeviringisha, bila kuuliza. Kipuri cha kwanza kilipomiminwa, Tata alikigonga, kikatoa sauti nzito, bila kitundu. Alinipa nikishike kidogo, kisha akaninyang'anya.

Ila Mama Georgine bado hajaniamini. Kila asubuhi akiniona ninakuja kwa maandazi, ananizuia kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya wateja wake wote:

"Ilunga! Mufuko iko tupu?"

"Iko tupu, Mama!"

"Onyesha!"

Natia mkono, natoa kidole kupitia tundu, nakitikisa. Mume wake, kwenye kiti chake kivulini, anavuta pumzi ndefu na kuitikia kwa kichwa. Ndipo ananiruhusu nivuke.